Simu Niliyompa Ndugu Yangu

Ndugu yangu alianza kuamini yale anayoyaamini kwa sababu yangu. Kwa miaka mitatu nimelikana jambo hili. Nimelikana mbele ya wazee wa ukoo, mbele ya binti yake, na mara moja nililikana mbele yake mwenyewe, kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. Kila nilipoulizwa alianzia wapi, nilitikisa kichwa kisomi na kusema, "Mitandao hii." Watu wakatikisa vichwa pamoja nami. Ni jibu zuri sana, kwa sababu mitandao haiwezi kuja kikaoni kujitetea.

Mitandao ilikuwa na msaidizi, na msaidizi huyo ana shahada mbili.

Naishi Busia, upande wa Uganda, nafundisha chuo cha walimu, na kila wiki mbili naandika safu katika gazeti ambalo wauza sambusa wanalipenda kuliko wasomaji. Safu yangu ni ya kuchekesha. Nawacheka wanasiasa, nawacheka wasomi wenzangu, na nikikosa mtu najicheka mwenyewe, ila kwa uangalifu. Mwaka ule niliamua kuandika makala ndefu juu ya wahubiri wa intaneti. Sisemi wachungaji wa kawaida, ambao sina ugomvi nao. Mama yangu alizikwa na mchungaji wa kawaida na alifanya kazi nzuri. Nasema wale wanaofundisha kwamba hospitali ni mtego, kwamba namba ya kitambulisho ndiyo ile alama ya mnyama iliyotabiriwa, kwamba kanisa lolote lenye cheti cha serikali limekwisha kuuzwa. Kila mmoja ana mwisho wake wa dunia na sababu zake za kuuahirisha.

Niliwatazama kwa miezi mingi. Niliwatazama nikimenya viazi, nikipiga pasi, nikisahihisha mitihani. Nilikuwa nacheka peke yangu jikoni. Nisije nikawapoteza, nilijisajili katika chaneli za kila mmoja wao. Nilirudisha nyuma na kusikiliza upya ili ninukuu vizuri. Zile zilizonifurahisha zaidi nilizihifadhi katika orodha, na orodha hiyo, kwa kuwa mimi ni mcheshi, niliipa jina "Bora Kabisa".

Nilidhani nafanya utafiti. Simu ilidhani nimeokoka.

Mtambo ulio ndani ya vitu hivi haujui kejeli. Hauwezi kujua kwamba mtu anaweza kurudia hubiri moja mara nne kwa sababu ya kofia ya mhubiri. Unachojua ni kwamba wewe umekaa kutazama. Ukikaa, unakuletea mwingine aliye mkali kidogo kuliko yule wa kwanza, ili uendelee kukaa. Kwangu mimi kila aliyekuwa mkali zaidi alikuwa kichekesho zaidi, kwa hiyo tulielewana vizuri sana, mimi na simu. Makala ilitoka. Ilisifiwa na watu watatu, wawili kati yao nafundisha nao.

Kisha nikanunua simu mpya.

Ndugu yangu ni mdogo kwangu kwa miaka sita. Analima kijijini Paya, mtama na mihogo na karanga, na ana ng'ombe wachache. Mwaka ule mkewe alikuwa amefariki, na binti yao wa pekee alikuwa Tororo mjini akijifunza ushonaji. Kila nilipokwenda kumwona nilimkuta ameketi nje ya nyumba, mgongo kwa mlango, kama mtu anayesubiri kuitwa ndani. Huyu ndiye aliyekuwa akiimba besi kanisani na kuigiza sauti za waombolezaji wakati wa kurudi kutoka mazishini, mpaka tunalazimika kusimama njiani kucheka. Nikaona nimpelekee simu yangu ya zamani, ili nyumba ipate sauti za watu.

Sisi watu wa mpakani tuna kosa letu. Kwetu, mtu ni laini yake. Asubuhi unaweka laini ya Uganda, ukivuka kununua unga na sabuni unaweka ya Kenya, ukirudi unazigeuza tena. Hata sasa ambapo simu zinabeba laini mbili kwa pamoja, mazoea hayajatutoka: ukitoa laini, umejitoa mwenyewe, na kinachobaki mkononi ni kipande cha plastiki na kioo. Basi nikatoa zangu mbili, nikazifunga kwenye karatasi, nikafuta kioo kwa ncha ya kanga, nikapanda gari kwenda Paya na kumkabidhi ndugu yangu kichwa changu chote cha miezi minane. Akaunti yangu ilikuwa humo. Chaneli zangu zote zilikuwa humo, na "Bora Kabisa" pia.

"Dada, hii unaongea nayo vipi?" aliniuliza siku ile, akiigeuzageuza.

"Iulize chochote."

"Iulize kama mvua itanyesha wiki hii."

"Itakudanganya."

"Basi tumeshazoeana. Nimeishi na wewe."

Huo ulikuwa utani wake wa mwisho ninaoukumbuka vizuri.

Mwanzo ulikuwa mwema. Alinipigia kunieleza ugonjwa wa mihogo, na mtu fulani wa mbali anayepanda viazi ndani ya magunia. Baadaye simu zake zikawa fupi. "Dada, kumbe!" alisema mara moja. "Kumbe nini?" nikauliza. "Tutaongea ukifika." Nilifikiri amepata mwanamke, nikafurahi, hata nikaanza kuwazia nitakavyomkosoa.

Nilikuja kugundua kwa njia ya aibu. Nilikuwa ofisini chuoni, naitafuta video moja niliyoitazama juzi, na simu yangu mpya ikanionyesha orodha ya vitu ambavyo sikuvitazama. Mahubiri juu ya mahubiri, mengine saa ambazo nilikuwa darasani mbele ya wanafunzi arobaini. Akaunti ilikuwa moja, macho yalikuwa ya watu wawili. Nilielewa katika dakika ile ile. Niliona jinsi alivyoanza na wale wangu, akawapita, akafika kwa watu ambao hata mimi sikuwahi kufikishwa.

Ningeweza kufuta. Ilikuwa kazi ya dakika chache, na kama nisingejua, chuo kizima kina vijana wa kuniambia. Ningeweza kupanda gari siku hiyo hiyo. Nilichofanya ni kutazama. Nilikuwa nimepata dirisha la kuchungulia ndani ya kichwa cha mtu, na mwandishi gani anafunga dirisha la namna hiyo? Niliandika safu juu ya "mkulima mmoja ninayemfahamu". Niliandika nyingine. Zilichekesha. Kisha dhamiri ikanisumbua kidogo, nami nikaitibu kwa kujifungulia akaunti mpya, nikamwachia ile ya zamani, kama mpangaji anayehama na kumwachia mwenzake panya.

Nilipokwenda Paya tena tuliketi nje tukibambua karanga. Uso wake ulikuwa na nuru. Sikuwa nimeuona hivyo tangu amzike mkewe, na hilo naliandika hapa kama utetezi wangu, ingawa najua halitoshi.

"Nilijua siku ile ile uliyonipa simu," alisema bila kuinua macho. "Ulikuwa unaona haya kusema."

"Kusema nini?"

"Kwamba na wewe unayafuata mafundisho." Akafuta mikono kwenye suruali, akanifungulia ile orodha. "Bora Kabisa. Si uliandika mwenyewe? Mimi nikajiambia, kama msomi wetu, aliyekaa chuo kikuu miaka yote ile tukiuza mtama, anawasikiliza watu hawa kwa siri, mimi mwenye jembe ni nani niwapuuze?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Karanga zilikuwa magotini, hapakuwa na mtu mwingine, na kulikuwa na sentensi moja tu ya kusema: nilikuwa nawacheka. Lakini sentensi hiyo ilikuwa na mkia. Kumwambia nilikuwa nawacheka ni kumwambia kwamba ninamcheka na yeye.

"Si mimi," nikasema. "Ni fundi. Simu hiyo iliwahi kukaa kwa fundi wiki mbili."

"Fundi."

"Fundi wa pale Busia. Mtu wa ajabu sana."

Akanitazama kwa upole ambao hadi leo unanichoma. "Haya, dada. Wakati wako utafika. Mimi sitakulazimisha."

Alinisamehe kosa la kuikana imani ambayo sikuwahi kuwa nayo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda yanakokwenda. Aliacha kwaya kwa sababu kanisa lilikuwa limesajiliwa. Kitambulisho chake cha taifa alikitupa chooni, na jirani zake waliposikia walisema sasa hata serikali ikimtafuta itabidi izibe pua. Hakucheka. Dawa za presha aliziacha. Wataalamu wa mifugo walipopita Paya kuchanja ng'ombe na kuwavisha zile hereni za njano zenye namba sikioni, aliwakuta zizini.

"Mzee, ni hereni tu," kijana wa mifugo alimwambia. Haya nilisimuliwa na binti yake, aliyekuwapo.

"Hereni anavaa anayetaka kupendeza. Huyu ameomba?"

"Ni namba ya kuonyesha amechanjwa."

"Na anayeandika namba hizo ni nani? Yule wa juu kabisa? Unamjua?"

Kijana yule alisema anamjua bosi wake tu, na bosi wake naye hana gari. Ndugu yangu aliwatoa ng'ombe wake wote, akawaficha katikati ya mihogo hadi wageni walipoondoka. Walikula nusu ya shamba.

Niliandika safu nyingine? Hapana. Kufikia hapo nilikuwa nimeacha kuona kichekesho, na hilo nalo silihesabu kuwa wema.

Mwaka huu binti yake alipata mchumba, fundi mwashi kutoka Buhehe. Kijana mpole, mwenye mikono iliyokauka kwa saruji, asiyejua aiweke wapi mbele ya wakubwa. Binti alimpenda kiasi kwamba alijishonea mwenyewe gomesi ya kutambulishwa, lile gauni refu la mabega yaliyochongoka, akaifumua mabega mara mbili kwa sababu hayakusimama sawa. Mimi ndiye shangazi. Kwa lugha yetu ananiita waya, na kazi ya waya siku hiyo ni kumtoa binti ndani na kumwonyesha kwa wageni. Kazi ya baba ni moja tu: anasimama mlangoni pa boma na kuipokea kwa mkono wake kamba ya ng'ombe wa kwanza. Akiishika, binti ameolewa. Asipoishika, chakula kitaliwa na hotuba zitatolewa, lakini hakuna aliyeolewa, na baba akiwa hai hakuna mwingine anayeweza kuishika badala yake.

Wageni walifika kabla ya saa sita. Wao ni Wasamia, sisi ni Wapadhola, kwa hiyo maneno yalikwenda kwa Kiswahili chetu cha sokoni. Msemaji wao alikuwa mzee mfupi mwenye koti refu, mtu aliyezoea kupendwa.

"Baba, sisi nakuja na mkono safi," alitangaza. "Ng'ombe hii angalia mwenyewe. Iko na afya. Ilidungwa sindano yote. Mimi mwenyewe sijadungwa hivyo!"

Watu wakacheka. Nilikuwa mlangoni mwa nyumba, binti nyuma yangu akinishika kiuno, na nikaona macho ya ndugu yangu yakipanda kutoka kwenye kamba hadi kwenye shingo hadi kwenye sikio.

"Hiyo ya njano ni nini?"

"Namba yake, baba. Inaonyesha si ya wizi."

Ndugu yangu akaweka mikono yake nyuma. Aliifunga kule mgongoni kama mtoto aliyeambiwa asiguse. "Kamba hiyo siwezi kuishika."

Kwanza walidhani ni sehemu ya mchezo, kwa sababu upande wa binti huwa unajifanya mgumu. Msemaji akacheza naye. "Baba anataka tuimbe? Tunaimba!" Wakaimba. Mikono haikutoka mgongoni.

"Kijana wenu ni mzuri," ndugu yangu akasema, bila ukatili hata kidogo. "Sina neno naye. Leteni ng'ombe wasio na alama."

"Tunatoa saa hii! Lete kisu!" mtu akapaza sauti nyuma.

"Tundu litabaki."

"Wewe unaoza binti au unaoza masikio?" mzee mmoja wa ukoo wetu akamfokea, na hapo hakuna aliyecheka.

Msemaji alivua kofia yake. Aliongea taratibu sasa, kama mtu anayeongea na mgonjwa. "Baba, sokoni ng'ombe bila namba hakuna. Nani atakuuzia? Atashikwa."

Nyuma yangu binti aliniachia kiuno. Sikugeuka.

Wageni walipewa chakula, kwa sababu mgeni haondoki na njaa hata akiwa ametukanwa. Wakati wanakula nilimvuta ndugu yangu nyuma ya jiko, kwenye moshi wa masufuria ya wali, nikamwambia yote. Nilimwambia kuhusu makala, orodha, kofia ya mhubiri, na fundi wa simu ambaye hakuwahi kuwapo. Nilimwambia zile safu za "mkulima mmoja". Nilidhani ukweli ni kama dawa ya minyoo, kwamba hata ikichelewa inatoa kitu.

Akachutama kando ya kuni.

"Ulikuwa unacheka," akasema.

"Ndiyo."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

Akaokota kijiti, akakivunja vipande vidogo vidogo. "Mungu anaweza kutumia hata kicheko cha mtu. Ulinipa simu ukicheka, lakini ulinipa." Kisha akaongeza, kwa sauti yake ya zamani karibu, "Siku ile ya karanga ungeniambia hivi, dada, ningekuamini. Wewe ndiye niliyekuwa nakuamini. Sasa nimeshaona mwenyewe."

Akarudi kwa wageni, akawaaga mmoja mmoja kwa mikono miwili. Ng'ombe walipandishwa tena kwenye lori.

Nilirudi Busia nikiwa na wazo moja, na kama kawaida yangu lilikuwa wazo la kuonekana na akili. Sokoni hakuna ng'ombe asiye na namba, lakini ndama huzaliwa nyumbani, na wafugaji si wote wanaopenda wageni wa serikali. Niliwaomba Wasamia subira. Nilizunguka wiki tatu kila nilipokosa vipindi, nikiuliza vijijini kama mwizi wa mifugo. Mimi ambaye niliwahi kuandika kwamba watu hawa wamerukwa na akili, sasa nilikuwa nafunua masikio ya ng'ombe wa watu nikichunguza matundu. Hatimaye, huko Merikit, nikampata mzee mwenye mitamba waliozaliwa nyumbani kwake, masikio mazima kabisa. Alitaka kujua kwa nini nataka wasio na namba. Nikamwambia ni mambo ya dini. Akasema ameelewa, na kwa jinsi alivyosema niliona kwamba kweli ameelewa, pengine kupita kiasi.

Nilikuwa nimesimama zizini kwake, mkono wangu juu ya mgongo wa mtamba mwekundu, simu ilipolia. Alikuwa binti.

"Waya, uko wapi?"

"Merikit. Nimewapata! Masikio yao ni safi, nimeyashika mwenyewe. Mwambie mwenzako ajiandae, Jumamosi tuna—"

"Waya. Mwachie mzee ng'ombe wake."

"Kwa nini?"

"Mimi niko Buhehe. Nilikuja juzi."

"Buhehe kwa nani?" Swali la kijinga, lakini ndilo lililotoka.

"Kwa mume wangu, waya."

Nikasikia mtu akimwaga maji upande ule, na mwanamke akiita kuku. Sauti ya binti haikuwa ya mtu anayelia. Ilikuwa ya mtu aliyemaliza kulia siku nyingine.

"Umeondoka bila kumuaga baba yako?"

"Nilimuaga. Nilibeba begi nikaenda kusimama mbele yake. Alikuwa ameketi pale nje, vile vidude vya simu viko masikioni, anasikiliza video. Nikamwambia, baba, naenda. Akaniona, waya. Usiseme hakuniona. Akainua kidole hivi, kwamba ningoje imalizike."

"Ukangoja?"

"Nilingoja. Niliweka begi chini, nikangoja. Ikaisha, ikaanza nyingine."